Aliyefungua Mlango

Kaka yangu Malachy alinunua mashua kuukuu Uingereza
kwa kiinua mgongo cha kiwanda cha sukari kilipofungwa.
Akaipakia kwenye lori, akaivusha bahari kwa feri,
ikashuka Portumna ikiwa na mwani mkavu kwenye usukani
na kitu kingine ubavuni, kama changarawe,
kama ukurutu.
"Uchafu tu," alisema. "Maji yatauosha."

Maji yakaupokea.

Jumamosi ile nilikuwa zamu kwenye mlango wa mto, pale Meelick.
Kazi ya baba, na ya baba yake: kuzungusha mkono wa chuma,
kupandisha maji, kushusha maji,
kumpisha kila apitaye bila kumwuliza atokako.
Malachy akapiga honi. Nikafungua.
Akanirushia chungwa. Nikalidaka.
Sikumbuki kingine cha siku ile, ila chungwa lilikuwa kali.

Hatukuwaona wakija. Mtoto wa kome huyu
ni mdogo kuliko chembe ya chumvi. Anaelea,
hana uzito, hana haraka,
anapanda na maji yale yale ninayopandisha mimi.
Jike mmoja, mayai milioni kwa mwaka.
Haba na haba hujaza kibaba, walisema waliotutangulia;
hawakusema huwaje kibaba kikishajaa
na haba bado inakuja.

Kome milia, wanamwita, kwa jina la punda
ambaye hapa tumemwona kwenye vitabu vya shule.
Ni sawa na ukucha wa kidole changu cha mwisho.
Hutoa nyuzi, hujifunga: kwenye jiwe, kwenye bomba,
kwenye nanga, kwa mwenzake, juu ya mwenzake,
mgongoni mwa kome wetu wa zamani, yule mkubwa wa kahawia
aliyelala topeni bila kumwomba mtu kitu.
Mmoja nilimwokota Septemba. Wageni mia na arobaini juu yake.
Niliwabandua mezani, juu ya gazeti, kwa kisu cha siagi.
Mdomo wake ulikuwa umeshonwa.
Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Hakupona.

Kisha ziwa likatakata,
na hapo ndipo tulipochanganyikiwa.
Ziwa Derg, lililokuwa na rangi ya chai kavu,
likawa kioo. Wapangaji wa mashua wakashangilia,
padri akalitia kwenye mahubiri.
Kumbe kila kome huchuja lita nzima kwa siku,
hula ule ukijani ambao vifaranga vya samaki walikuwa wakila,
hubakiza mwanga.
Usafi wa sahani iliyorambwa.

Bibi Attracta Hynes, akiegemea ukingo wa gati,
aliona chini kabisa baiskeli ya mwanawe,
ile aliyoapa imeibwa.
Mwana ana miaka thelathini na sita. Akapigiwa simu.

Watoto siku hizi huogelea na viatu.

Wataalamu walikuja na chupa zao, wakaniuliza:
mwaka ule, zipi zilipita? Nikawapa daftari.
Zilikuwa nyingi, zote za mitumba, zote kwa malori.
Hakuna awezaye kusema ni ipi, walisema,
wakifunua kurasa. Ya Jumamosi ile
ina doa la manjano. Hawakuuliza la nini.

Malachy hajawahi kuniuliza, nami sijawahi kumwambia.
Lakini kila baridi huipandisha mashua nchi kavu,
hupiga magoti kwenye theluji chafu, huikwangua
mpaka mbao inaonekana, mpaka ndani ya mbao.
Mkewe humpelekea supu. Inapoa.

Jana alipiga honi.
Nikamwambia azime injini. Nikashuka ngazi,
nikapapasa ubavu wa mashua, polepole, kwa kiganja,
kama nesi, kama dada.
Laini kote. Mahali pamoja tu, karibu na usukani,
pakanikwaruza.
Nikamtazama. Akatazama maji.
Nikapanda, nikashika mkono wa chuma, nikafungua,
kwa kuwa upande wa pili
nao wamekwisha kufika.